Uzito wa Maji Juu ya Gesi: Kina na Shinikizo katika Ziwa Kivu



Ziwa Victoria lina eneo la karibu kilomita za mraba 68,800. Ziwa Kivu, lililo mpakani mwa Rwanda na Kongo, halifiki hata kilomita za mraba 3,000. Lingeweza kuingia ndani ya Victoria zaidi ya mara ishirini na nafasi ikabaki. Sasa tuchukue vipande viwili vya chuma vinavyolingana, tuvizamishe kimoja hadi sakafu ya Victoria na kingine hadi sakafu ya Kivu. Kipi kitabanwa zaidi na maji?

Wengi ninaowauliza hujibu kwamba ni kile cha Victoria, na sababu yao si ya kupuuzwa: maji mengi, uzito mwingi. Lakini jibu ni Kivu, tena kwa tofauti kubwa. Victoria, hata pale penye kina kirefu kabisa, lina mita 80 hivi. Kivu hushuka hadi mita 485. Chuma kilicho sakafuni mwa Kivu hubanwa na maji karibu mara sita ya mwenzake. Upana wa ziwa hauna kauli katika jambo hili, wala wingi wa maji yake. Kauli ni ya kina.

Nitazungumza juu ya kanuni hiyo jioni hii, kisha nitaipeleka mahali inapofanya kazi nzito kuliko pengine popote ninapopajua katika nchi zetu. Katika Kivu, uzito wa maji umeshikilia chini gesi nyingi mno, na uzito huohuo sasa unatumika kuipandisha gesi hiyo juu ili igeuzwe umeme. Wanaoishi kandokando ya ziwa hilo, kuanzia Goma na Gisenyi hadi Bukavu na Cyangugu, wanakadiriwa kuwa watu milioni mbili au zaidi, na wengi wao lugha yao ya sokoni ni Kiswahili. Nadhani wana haki ya kuelezwa jambo hili kwa lugha hiyo, bila kufichwa na bila kutishwa.

Hesabu yenyewe ni fupi. Maji baridi yanayojaza mita moja ya ujazo yana uzito wa kilo 1,000, yaani tani moja. Fikirieni sakafu yenye ukubwa wa mita moja ya mraba, na juu yake nguzo ya maji iliyosimama wima hadi usoni mwa ziwa. Nguzo ya mita 10 ni tani 10, na sakafu ndiyo inayoibeba. Tani 10 juu ya mita moja ya mraba ni karibu sawa na uzito wa hewa yote iliyo juu ya mita hiyohiyo ya mraba pale Mombasa au Dar es Salaam, na kipimo hicho wanafizikia hukiita angahewa moja. Basi kila mita 10 unazoshuka, unaongezewa angahewa moja. Mzamiaji aliye mita 30 chini anabanwa na angahewa nne: tatu za maji, na moja ya hewa iliyoyakalia maji hayo. Baharini hesabu huzidi kidogo, kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito zaidi.

Ongezeko hilo huenda kwa hatua sawasawa kwa sababu maji hayakubali kushindiliwa. Hata mwaka 1960, Jacques Piccard na Don Walsh waliposhuka na chombo chao kiitwacho Trieste karibu kilomita 11 hadi shimo la Mariana katika Pasifiki, ambako shinikizo hupita angahewa elfu moja, maji yaliyowazunguka yalikuwa yamesongamana kwa asilimia tano hivi tu.

Jambo la pili, ambalo wanafunzi hulikariri bila kuliamini, ni kwamba shinikizo hilo halielekei chini peke yake. Linasukuma kila upande: kushoto, kulia, hata kwenda juu. Jiwe lililolala huweka uzito wake chini tu, kwa kuwa lina umbo lake na linalishikilia. Maji hayana umbo la kushikilia. Ukiyakandamiza kutoka juu yanatafuta pa kutokea, na yanatulia pale tu kila upande unapoyazuia kwa nguvu ileile. Ndiyo maana ukizamisha kichwa majini, masikio huuma hata ukikigeuza vipi. Mita mbili tatu zinatosha kuyasikia maumivu hayo.

Aliyeiweka kanuni ya kina wazi katika maandishi ni Simon Stevin, mhandisi wa Uholanzi na Flanders, katika kitabu chake cha mwaka 1586. Alionyesha kwamba mzigo wa maji juu ya sakafu ya chombo hutegemea ukubwa wa sakafu na kimo cha maji, na kwamba umbo la chombo huko juu, liwe pana au jembamba, halibadilishi kitu. Watu wa zama zake waliona ni kitendawili cha ajabu. Mimi bado naona ni cha ajabu, na ningependa tukipe dakika moja.

Chukueni pipa lililojaa maji pomoni na kufungwa vizuri. Toboa kifuniko chake na upenyeze mrija mwembamba wenye tundu la sentimita moja ya mraba, uusimamishe hadi kimo cha mita 10, kisha uujaze maji. Mrija mzima utapokea lita moja tu. Lakini lita hiyo moja imeongeza angahewa nzima ndani ya pipa: kila mita ya mraba ya ubavu wa pipa sasa inasukumwa nje kwa nguvu ya tani 10 za ziada. Pipa la mbao litapasuka. Husimuliwa kwamba Blaise Pascal wa Ufaransa alilipasua pipa kwa njia hii mbele ya watu. Lililo hakika zaidi ni kwamba aliieleza kanuni hii kwa ukamilifu katika risala juu ya msawazo wa vimiminika, iliyochapishwa mwaka 1663 baada ya kifo chake. Wahandisi wetu wanaitumia kila siku. Ukuta wa bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji una kimo cha mita 131 hivi, na unene wake chini umepangwa kwa kufuata kimo hicho. Ziwa lililo nyuma yake lingekuwa na urefu wa kilomita moja au mia moja, mzigo wa maji yaliyotulia juu ya ukuta ungekuwa uleule.

Pascal ana haki ya kutajwa hapa kwa jambo jingine pia. Tarehe 19 Septemba 1648, shemeji yake Florin Périer alipanda mlima Puy de Dôme akiwa na mrija wa zebaki aliopewa kazi ya kuupima chini na kileleni. Kileleni zebaki ilikuwa imeshuka kwa sentimita nane hivi, kwa kuwa hewa iliyobaki juu ya kilele ni chache na uzito wake ni mdogo. Sisi sote tunaishi sakafuni mwa bahari ya hewa, na anayepanda mlima anapunguza kina chake. Kilele cha Puy de Dôme kipo mita 1,465 juu ya usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Kivu upo karibu kimo hichohicho. Kwa hiyo mvuvi wa Goma aliyekaa mtumbwini ana juu yake hewa ileile pungufu aliyoipima Périer: takriban angahewa 0.84. Pampu ya kunyonya inayoweza, kwa hesabu, kuvuta maji kutoka mita 10 chini akiitumia mtu wa pwani, pale Goma haiwezi kupita mita 8 na nusu au zaidi kidogo, kwa sababu kinachoyapandisha maji hayo ni hewa ya nje inayosukuma. Pampu huondoa tu kizuizi.

Sasa tushuke ndani ya Kivu.

Mita 60 za juu, au karibu na hapo, huchanganyika kila mwaka majira ya kiangazi pepo zikivuma. Humo ndimo mlimo na oksijeni, na ndimo waishimo sambaza, samaki wadogo walioletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, ambao wavuvi huwafuata usiku kwa mitumbwi iliyofungwa mitatu mitatu, taa zikiwaka. Chini ya hapo hakuna samaki. Maji ya kina yanazidi kuwa na chumvi, na kinyume na maziwa mengi, yanazidi kuwa na joto kidogo kadiri unavyoshuka, kwa kuwa chemchemi za chini ya ardhi zenye asili ya volkano huyalisha kutoka sakafuni. Joto lingetaka kuyainua. Chumvi na gesi iliyoyeyuka huyafanya mazito, na uzito ndio unaoshinda. Hivyo ziwa limelala kwa matabaka, na tabaka la chini kabisa, kuanzia mita 260 hivi kushuka, limekaa bila kuchanganyika na la juu kwa mamia ya miaka.

Ndani ya matabaka hayo ya chini mmeyeyuka gesi mbili. Ya kwanza ni kaboni dayoksaidi, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka kwenye volkano. Ya pili ni methani, inayotengenezwa na vijidudu wanaoishi bila oksijeni. Kama zingetolewa zote na kupimwa katika hewa ya kawaida, methani ingejaza karibu kilomita za ujazo 60, na kaboni dayoksaidi karibu 300. Mbelgiji Hubert Damas alizichunguza gesi hizi katika miaka ya 1930, na tangu 1963 mtambo mdogo wa Rubona, karibu na Gisenyi, ulikuwa ukivuta methani ya ziwa na kukipelekea kiwanda cha bia cha hapo.

Kwa nini gesi yote hiyo haipandi? Mwaka 1803 Mwingereza William Henry alionyesha kwamba kiasi cha gesi ambacho maji yanaweza kukishika kikiwa kimeyeyuka huongezeka sawasawa na shinikizo. Bia ya kiwanda hicho cha Gisenyi ni ushahidi wa kutosha: kizibo kikiwa mahali pake huoni kiputo hata kimoja, kikifunguliwa shinikizo linashuka na povu linapanda. Kivu halina kizibo. Lina kina. Katika mita 350, maji ya juu yanakandamiza kwa angahewa 34 hivi, na chini ya mkandamizo huo gesi inabaki imeyeyuka, haionekani, haina kiputo. Mzamiaji naye yumo katika sheria hiyohiyo. Naitrojeni anayoivuta akiwa chini huyeyuka katika damu na misuli yake, na akipanda kwa pupa hujitoa kwa viputo ndani ya mwili. Wapo waliopooza kwa hilo, na wapo waliokufa. Anayepanda polepole, akituama njiani, huipa gesi nafasi ya kutokea mapafuni.

Ziwa linaweza kufanya kile anachokifanya mzamiaji mwenye pupa. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos la Kameruni, lenye kina cha mita 208 tu, lilifoka. Maji ya chini yaliyojaa kaboni dayoksaidi yalianza kupanda. Yakipanda, kina juu yake kilipungua. Kina kikipungua, viputo vilitoka. Maji yenye viputo ni mepesi, kwa hiyo yalipanda kwa kasi zaidi na kuvuta mengine nyuma yake. Hakuna aliyehitaji kuyasukuma tena. Wingu zito la gesi liliteremka mabondeni na kuua zaidi ya watu 1,700, wengine wakiwa kilomita zaidi ya 20 kutoka ziwani. Miaka miwili kabla, Ziwa Monoun la nchi hiyohiyo lilikuwa limeua watu 37. Kilichoyachokoza hasa maji ya Nyos bado kinajadiliwa, lakini mwendo uliofuata baada ya hapo unaeleweka vizuri, na wote ni hesabu ya shinikizo na kina.

Watu wa Goma wanaijua gesi hii kwa njia chungu. Katika mabonde madogo ya lava kandokando ya mji kuna mazuku, mahali ambapo kaboni dayoksaidi hutoka ardhini na kutuama, na mbuzi, mbwa, hata mtoto akishuka humo asubuhi tulivu anaweza asipande tena. Kwa hiyo swali lao kuhusu ziwa ni swali halali: je, Kivu litafanya kama Nyos?

Nitajibu kwa vipimo. Nyos lilipofoka, sehemu ya maji yake ya chini ilikuwa karibu na ukomo wa kushika gesi, ikabaki kusukumwa kidogo tu. Katika Kivu, pale penye gesi nyingi zaidi, jumla ya shinikizo la gesi ni takriban nusu ya shinikizo la maji yanayoikandamiza. Maana yake ni hii: ili maji ya mita 350 yaanze kutoa viputo, lazima kitu kiyainue zaidi ya mita mia moja kwenda juu, yakipenya tabaka jepesi lisilotaka kuyapisha. Hiyo ni kazi kubwa mno. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Januari 2002 lava ilipita katikati ya Goma ikaingia ziwani, na vipimo vilivyofuata vilionyesha kwamba matabaka ya chini hayakuvurugika. Mei 2021 hofu ilirudi kwa nguvu zaidi, kwa kuwa safari hii magma ilijipenyeza ardhini chini ya mji na kuelekea chini ya ziwa lenyewe. Sehemu ya Goma ikaamriwa kuhama. Ziwa lilitulia. Lakini nusu ya ukomo si ukomo usiofikika. Gesi inaendelea kuingia, na joto la volkano kutoka sakafuni ni jambo ambalo hakuna mtu anayeweza kuliwekea dhamana. Ndiyo sababu naunga mkono wazi kabisa kuvutwa kwa gesi hii, mradi kufanywe kwa utaratibu.

Namna inavyovutwa ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Muda wa mkutano huu ungeniruhusu, ningelitumia saa nzima hapa.

Bomba hushushwa wima kutoka kwenye tishari hadi mita 350 hivi. Mwanzoni maji ndani ya bomba na maji nje ya bomba yana uzito uleule, hakuna kinachosogea. Kisha pampu inayanyanyua maji ya ndani kidogo. Yakifika kimo ambacho kina kilichobaki juu hakiwezi tena kuishikilia gesi, viputo vinatoka. Sasa ndani ya bomba kuna mchanganyiko wa maji na viputo, mwepesi kuliko maji ya nje. Nguzo ya nje ni nzito, ya ndani ni nyepesi, na huko chini kwenye mdomo wa bomba tofauti hiyo inageuka kuwa msukumo: ziwa lenyewe linaanza kuyapandisha maji yake. Pampu inaweza kuzimwa. Ni mwendo uleule ulioua kule Nyos, ila umefungiwa ndani ya bomba na kupewa mlango wa kutokea. Wakameruni na Wafaransa waliutumia Nyos kwenyewe mwaka 2001, wakiongozwa na Michel Halbwachs. Bomba lao lilirusha maji angani kufikia mita 50 hivi, bila mashine yoyote ya kuyasukuma, na taratibu ziwa likapunguziwa sumu yake.

Kivu linadai ustadi zaidi, kwa sababu methani inatakiwa na kaboni dayoksaidi haitakiwi. Hapa kina kinatumika kama mkono wa kuchagulia. Kaboni dayoksaidi huyeyuka majini kwa urahisi mara ishirini na zaidi kuliko methani. Ukitenganisha gesi usoni kabisa mwa ziwa, zote mbili zinatoka. Basi wahandisi wa mtambo wa KivuWatt, ulio mbele ya mji wa Karongi na uliozinduliwa mwaka 2016 ukiwa na uwezo wa megawati 26, waliweka vitenganishi vyao mita 20 hivi chini ya uso. Mkandamizo wa hapo, karibu angahewa tatu pamoja na hewa, unaiachia methani itoke na kuiweka sehemu kubwa ya kaboni dayoksaidi bado ndani ya maji. Gesi iliyotoka husafishwa tena kwa maji, hupelekwa ufukoni kwa bomba na kuchomwa katika injini. Mtambo mwingine mkubwa zaidi umejengwa wilayani Rubavu.

Linabaki swali la maji yaliyokwisha kutoa methani, na hapa ndipo ninapotaka wahandisi vijana waliopo wakae mbele kidogo. Maji hayo bado ni mazito kwa chumvi, bado yana kaboni dayoksaidi, na yamebeba fosforasi, amonia na salfidi ya sakafuni. Yakimwagwa karibu na uso yatalisha mwani kupita kiasi, yatamaliza oksijeni, na sambaza ndio watakaokufa kwanza. Yakirudishwa chini kabisa yatazimua tabaka lenye gesi na kupunguza faida ya miaka ijayo. Yakirudishwa kimo cha katikati, yasipolingana kwa uzito na maji yaliyopo hapo, yatazama au yatapanda hadi yakutane na maji ya uzito wake, na njiani yanaweza kuvuruga mpaka kati ya matabaka, ule mpaka unaolishikilia ziwa zima. Wataalamu wa Rwanda na Kongo pamoja na wenzao wa nje waliandika masharti ya kazi hii mwaka 2009, na sehemu kubwa ya masharti hayo inahusu namba moja: mita ngapi chini maji yarudishwe.

Kwa maoni yangu namba hiyo ndiyo ya kwanza kuulizwa kabla ya bei ya umeme na kabla ya idadi ya megawati. Kila anayepewa leseni, upande wowote wa mpaka, aitaje hadharani, na vipimo vya chumvi, joto na gesi vinavyochukuliwa kwa kila kina vitolewe mara kwa mara kwenye redio za Goma, Bukavu na Gisenyi, kwa Kiswahili na Kinyarwanda, kama zinavyotolewa habari za hali ya hewa. Mvuvi anayejua kwamba mpaka wa tabaka uko mita 260 na mwaka jana ulikuwa mita 260 ana cha kushika mkononi uvumi unapoanza. Na ukija kushuka au kupanda, ataweza kuuliza kwa nini, na kumwuliza anayehusika.